Mbegu Isiyotaka Jua

Siku za Ijumaa Cyriaque alirudi kutoka kazini na njaa ya watu wawili. Alifanya kazi kwenye ghala kubwa mjini Brampton, kando ya Toronto, akibeba na kupanga maboksi tangu alfajiri. Akifika nyumbani alivua buti zake mlangoni, akanusa hewa, kisha akauliza swali lile lile.

"Mama Amandine, leo kuna nini?"

"Kuna harufu," mkewe Généreuse alijibu. "Chakula bado."

Familia hii ya watu watatu iliishi besimenti, yaani vyumba vya chini ya nyumba ya mtu mwingine. Dirisha lao lilikuwa dogo, juu karibu na dari. Ukichungulia uliona miguu ya wapita njia na matairi ya magari. Lakini ndani mlikuwa na joto, vicheko na sufuria kubwa ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na hayo si mambo madogo.

Cyriaque alizaliwa Gihanga, Burundi, kwenye mashamba ya mpunga. Généreuse alizaliwa ng'ambo ya mto Rusizi, karibu na Uvira, Kongo. Huko nako watu wanalima mpunga. Kila mmoja alidai kwamba mpunga wa kwao ndio mpunga hasa, na ule mwingine ni majani tu. Walikuwa wamebishana hivyo kwa miaka kumi na saba. Binti yao Amandine, mwenye miaka kumi na mitano, alishachoka kuwa hakimu.

"Wote mmekosea, okay?" alikuwa akisema bila kuinua macho. "Basmati is better."

Walikuwa Kanada mwaka wa tisa sasa, na kwa miaka saba ya mwanzo Cyriaque hakugusa shamba. Hilo lilimkera kuliko baridi. Mtu aliyezoea jembe ukimpa maboksi tu, atakula na atalala, lakini moyo wake hautashiba. Mkewe alimtania kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Naye alicheka, ingawa ndani kidogo ilimchoma.

Mambo yalibadilika mwaka wa nane. Baada ya misa, kundi la waumini wanaosema Kiswahili liliombwa msaada. Kulikuwa na kinamasi kwenye ghuba ndogo ya Ziwa Ontario, mashariki mwa jiji. Watu walihitajika kukisafisha siku za Jumamosi. Cyriaque aliinua mkono kabla tangazo halijaisha.

Huko walipokewa na msichana mmoja mwenye hijabu ya kijani na viatu virefu vya mpira. Jina lake Sabreen. Wazazi wake walihama kutoka Arusha wakakaa Vaughan, mji jirani na Brampton, na nyumbani kwao Kiswahili hakikuachwa mlangoni. Alisomea mambo ya maji na mimea yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, binti. Leo tunafanya nini?"

"Tunang'oa matete. Haya ni ya kigeni. Yamejaa mpaka hakuna kingine kinachoota."

"Tukishayang'oa tunapanda nini? Ardhi haiachwi uchi."

Sabreen akacheka. "Tunapanda mpunga."

Cyriaque alimtazama kuona kama anatania. "Mpunga? Huku kwenye barafu?"

"Si kama ule wa kwenu. Ni jani la majini lenye nafaka ndefu, nyeusi ikikauka. Wenyeji wa nchi hii, Waanishinabe, wanauita manomin. Wamekula nafaka hii tangu kabla ya mji huu kuwapo. Zamani ghuba hii ilijaa manomin. Kisha watu wakaja kujenga. Wakafukia vinamasi, wakachafua maji. Wakaleta samaki wakubwa wa kigeni ambao wanachimbua matope. Mpunga ukaisha."

"Na ulipoisha?"

"Vifaranga vya samaki vikakosa pa kujificha. Bata wakakosa chakula. Mizizi ndiyo iliyokuwa inashika matope. Sasa wimbi dogo tu likipita, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Tazama."

Cyriaque akatazama. Kweli, mguu wake ulizama hadi kifundoni naye hakuuona.

"Na mbegu mtapata wapi?"

"Kwa wenyewe. Kuna bibi mmoja wa Kianishinabe, anaitwa Verna. Familia yake inatunza manomin kwenye ziwa lao, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa. Yeye ndiye anayetuambia tupande wapi na lini. Sisi tunafuata."

Siku ile Cyriaque aling'oa matete kwa nguvu ya watu watatu. Jioni alirudi na matope hadi masikioni, akiimba.

Mwaka mzima kundi lilifanya kazi. Matete yalipungua. Septemba iliyofuata Bibi Verna akasema sasa kinamasi kiko tayari. Alitoa magunia mawili ya mbegu. Hayakuwa mengi. Dhoruba ilikuwa imepiga ziwa lao wiki ya mavuno, na nafaka nyingi zilimwagika kabla ya kukusanywa. Hata hivyo alitoa.

Ijumaa ya kuletwa magunia hayo, Sabreen alikuwa na mkutano. Akampigia simu Cyriaque.

"Baba, unaweza kunisaidia? Mpwa wake Bibi Verna analeta magunia. Yapokee, uyapeleke kwenye stoo yetu pale kinamasini. Ukifika, yatumbukize kwenye yale mapipa ya maji. Kupanda ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Usijali, binti. Mbegu nazijua."

Sasa sikilizeni alivyofanya huyu anayezijua mbegu. Alipokea magunia, akafungua moja palepale kwenye maegesho. Ndani mbegu zilikuwa mbichi, zimelowa, zinanuka tope. Kila punje ilikuwa na unywele mrefu unaokwaruza. Cyriaque alishtuka. Mbegu mbichi ndani ya gunia! Halafu zikakae majini siku nane! Aliona wazi kwamba yule msichana wa watu hakuwahi kushika jembe.

Hakwenda stoo. Alikwenda nyumbani.

"Sabreen alisema nini?" Généreuse aliuliza alipoona magunia yanateremka ngazi.

"Alisema zikae majini."

"Bon, sawa. Mbona ziko huku?"

"Mama Amandine, mbegu ya mpunga unailoweka siku moja tu kabla ya kupanda. Kabla ya hapo inakaa kavu. Ukiiloweka siku nane unapanda uji. Hata mtoto mdogo wa Gihanga anajua."

"Mpigie simu umuulize. Kuuliza si ujinga."

"Niulize nini? Mimi na mpunga? Nitazikausha vizuri, Ijumaa ijayo nitaziloweka, Jumamosi atashangaa mwenyewe."

Ukweli usemwe, Généreuse naye hakubisha sana. Kwao Uvira pia mbegu hukaushwa, na aliyeanika mbegu mbichi vibaya huchekwa na kijiji kizima. Akaiondoa meza. Wakatandaza turubai sebuleni, wakamwaga mbegu, wakawasha feni na hita.

Kwa siku sita besimenti ile iligeuka kuwa uwanja wa kuanikia. Familia ilikula imesimama jikoni. Kila asubuhi kabla ya kazi Cyriaque alipiga magoti akazigeuza mbegu kwa mikono. Jioni vivyo hivyo, na mkewe upande wa pili.

"Sebule inanuka ziwa," Amandine alilalamika.

"Hiyo ni harufu ya shibe, mwanangu."

Kufika Alhamisi zilikuwa kavu na nyeusi, zinalia vizuri ukizimimina. Cyriaque alizishika akaona fahari ambayo hakuwa ameiona tangu aje nchi hii.

Alhamisi hiyohiyo Sabreen alifika stoo akakuta mapipa yana maji matupu. Alipiga simu akihema.

"Baba, mbegu ziko wapi?"

"Ziko salama kabisa! Njoo uone."

Alikuja. Aliteremka ngazi za besimenti, akafika mlango wa sebule, akasimama. Aliweka mkono mdomoni.

"Jamani, baba. Mbegu hizi hazikaushwi."

Cyriaque aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Haukuwa mzaha. Sabreen alichuchumaa, akapasua punje moja kwa ukucha, akawaonyesha.

"Manomin haivumilii kukauka. Inapoiva, inaanguka yenyewe majini. Inazama, inalala kwenye matope. Inakaa humo majira yote ya baridi, chini ya barafu. Bila maji yale na baridi ile haiwezi kuamka. Ukiikausha, kiini chake kinakufa."

"Zote?" Cyriaque aliuliza.

"Labda zimebaki chache hai. Hatuwezi kutegemea chache."

Généreuse alizima feni. Cyriaque alikaa chini palepale pembeni ya turubai. Aliona aibu, aibu kubwa, ile ya mtu mzima aliyefanya ubishi wa mtoto. Mkewe alimhurumia, akaketi kando yake.

"Na mimi nina kosa," Sabreen alisema polepole. "Nilikuambia la kufanya, sikukuambia kwa nini. Mkulima haambiwi tu tumbukiza."

"Hapana, binti. Ulinena, mimi sikusikia." Akainua uso. "Sasa itakuwaje?"

"Sijui. Hizo ndizo zilikuwa mbegu za mwaka huu. Tusipopanda sasa, kinamasi kitakaa tupu, matete yatarudi. Na yule bibi..." Alisita. "Ilimchukua miaka minne kutuamini. Kabla yetu walikuja wengi wenye karatasi na ramani, hawakumsikiliza. Akisema basi, itakuwa basi."

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Naweza kupiga simu mimi."

"Kosa langu halibebwi na mtoto wa mwenzangu," Cyriaque alisema. "Jumamosi tunakwenda."

Jumamosi walisafiri wanne kwenye gari la Cyriaque, na magunia mawili makavu nyuma. Hakuna aliyewasha redio. Njia nzima Cyriaque alipanga maneno yake, akayapangua, akayapanga tena.

Bibi Verna alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya besiboli na nywele nyeupe zilizosukwa. Walimkuta nje ya nyumba yake, ufukweni, akichokoa tope kwenye kafi la mtumbwi. Alisema Kiingereza, naye Sabreen akatafsiri pande zote mbili.

Cyriaque alivua kofia. Maneno yote aliyoyapanga yalimkimbia, akabaki na machache.

"Mama, mimi ndiye niliyepewa mbegu zako. Niliambiwa nizitie majini. Nikazikausha. Zimekufa. Nimekuja kuomba radhi."

Bibi Verna alifungua gunia, akachota punje mkono mzima, akazimimina polepole akisikiliza zinavyolia. Akazinusa. Akatia moja mdomoni akaiuma.

"Umezikausha siku ngapi?"

"Sita."

"Ulizigeuza?"

"Kila asubuhi na kila jioni. Na mke wangu."

"Sebuleni," Généreuse aliongeza. "Tulikula tumesimama."

Sabreen alipotafsiri hilo, Bibi Verna alianza kutikisika mabega. Kisha akacheka, akacheka hadi akashika mti.

"Miaka yote nawaambia wajukuu zangu wageuze mpunga, nao wanauacha unaota ukungu. Kumbe wa kuugeuza wako besimenti Brampton! Mwanangu, hukutengeneza mbegu. Umetengeneza chakula. Sisi nasi tunaukausha, tukitaka kula."

Wote wakacheka, isipokuwa Cyriaque. Yeye bado alishika kofia yake. Bibi Verna akaona. Akaacha kucheka.

"Lakini uliambiwa maji."

"Niliambiwa."

"Kwa nini hukusikia?"

"Kwa sababu nimekulia kwenye mpunga. Nilidhani naujua."

"Wa kwenu unaujua. Huu hamjajuana bado." Alinyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya ziwa. "Manomin haiivi yote siku moja. Tulivuna ya kwanza, dhoruba ikala ya kati. Iko ya mwisho, ile ya upande wa kivuli. Zimebaki siku mbili tatu kabla bata bukini hawajaimaliza. Nilikuwa nimewaachia. Unaweza kufanya kazi leo?"

Cyriaque hakungoja tafsiri ifike mwisho. Alikuwa tayari anakunja suruali.

Kabla ya kuingia majini, Bibi Verna alichukua tumbaku kidogo, akaiweka juu ya maji, akasema maneno ya lugha yake. Alikuwa akishukuru. Généreuse alifanya ishara ya msalaba. Sabreen akasema bismillahi. Hakuna aliyemwona mwenzake wa ajabu.

Walitumia mitumbwi miwili. Katika kila mtumbwi mtu mmoja alisimama nyuma akisukuma kwa mti mrefu. Mwingine alikaa na fimbo mbili nyepesi. Kwa fimbo moja unainamisha mashuke juu ya mtumbwi, kwa nyingine unayagusa, na nafaka iliyoiva inaangukia ndani. Cyriaque alipewa fimbo. Akapiga kama walivyopura mpunga Gihanga. Mashina mawili yakavunjika.

"Hapana, hapana!" Bibi Verna alipaza sauti kutoka nyuma yake, naye Sabreen akatafsiri kutoka mtumbwi wa jirani. "Usiupige. Upapase tu. Ulioiva utaachia wenyewe. Usioiva unaubakiza."

"Na huu unaoangukia majini? Nusu inapotea!"

"Haipotei. Hiyo ni ya mwakani."

Cyriaque akapunguza mkono. Akapapasa. Punje zikaanza kuanguka, taratibu. Kwenye mtumbwi wa pili, ambao Sabreen aliusukuma, Généreuse alikuwa tayari amepata rundo la kufunika miguu yake.

"Baba Amandine!" alimwita juu ya maji. "Uvira moja, Gihanga sifuri!"

Hapo Cyriaque akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, kicheko cha tumboni, mpaka mtumbwi ukayumba na Bibi Verna akamwamuru akae vizuri.

Hadi alasiri walipata gunia moja. Halikuwa mawili, lakini lilijaa. Lilipofika ufukweni Bibi Verna alimsimamisha Cyriaque mbele ya pipa lenye maji ya ziwa.

"Haya. Mbegu inakwenda wapi?"

"Majini, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ikikauka inakufa. Na ikikosa baridi haiamki."

"Jua?"

"Hapana jua kabisa."

Cyriaque akalizamisha gunia mwenyewe. Kisha akavua jaketi lake akalifunika pipa, ingawa mbingu ilikuwa na mawingu. Sabreen alimtazama akatikisa kichwa akitabasamu.

Sasa zilibaki zile mbegu kavu. Bibi Verna alisema chakula hakitupwi. Aliwasha moto nje, akaweka sufuria ya chuma, akakaanga nafaka huku akikoroga kwa kafi hadi zikanukia kama karanga. Halafu akazimwaga ndani ya shimo dogo lililotandikwa mbao. Akampa Amandine viatu laini vya ngozi, visafi.

"Ingia ucheze," alimwambia. "Maganda yanatoka kwa miguu."

"Seriously? Nicheze juu ya chakula?"

"Hiyo ndiyo kazi ya vijana."

Amandine akaingia kwa haya. Baada ya dakika mbili haya zikaisha. Alicheza zile hatua anazocheza na wenzake wa kwaya. Bibi Verna alipiga makofi, na Cyriaque akamwimbia binti yake wimbo wa mavuno wa Gihanga, ambao Amandine hakuwahi kumsikia mtu akiuimba kwa sauti yote.

Ikabaki kupepeta. Bibi Verna alileta sinia la gome la mti. Kabla hajaeleza, Généreuse alilipokea, akajaza, akarusha juu kidogo, akalizungusha kiganjani. Maganda yakapeperuka upande, nafaka ikarudi katikati. Alifanya hivyo kama alivyofanya na ungo wa mama yake.

Bibi Verna alibaki mdomo wazi. "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Na wewe?"

"Mama yangu."

Walitazamana, wakakumbatiana hapohapo kwenye vumbi la maganda. Jioni hiyo walikula manomin na samaki wa ziwa lile. Nafaka zilikuwa ngumu kidogo, tamu, zenye harufu ya moshi. Amandine alikula sahani mbili. Basmati haikutajwa.

Kesho yake baada ya misa kundi zima lilikutana kinamasini. Bibi Verna alikuja. Cyriaque ndiye aliyepewa kazi ya kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, na hakuficha lolote. Aliwasimulia habari ya turubai na hita, watu wakacheka hadi machozi. Lakini walisikia vizuri, kwa sababu wengi wao nao wangefanya vilevile.

"Hii haianikwi," alisema. "Hii inatoka maji haya inaingia maji yale. Rusheni pale maji yanapofika kati ya goti na kiuno, penye tope laini. Penye kina kirefu haitafika juu. Penye mawe haitashika."

"Na tuwazuie bata bukini," Sabreen aliongeza. "Tutazungusha wavu mpaka manomin iwe imara. Wavu huo unazuia pia wale samaki wanaochimbua tope. Na tafadhali, mwenye samaki wa kufuga nyumbani asije kumwaga humu eti anamwachia huru. Ndivyo hawa wa kigeni walivyoongezeka."

Gunia moja lilitosha nusu ya mahali walipopasafisha. Walipanda nusu hiyo. Mbegu zilizama zote, na kwa macho hakukuwa na cha kuonyesha.

Mkulima kusubiri anakujua, lakini kusubiri chini ya barafu kulikuwa kupya kwa Cyriaque. Januari alikwenda akasimama ufukweni, barafu nyeupe mbele yake. Alimpigia simu Sabreen.

"Una hakika hazijafa kwa baridi hii?"

"Baba, baridi hii ndiyo zinayoitaka. Rudi nyumbani ukanywe chai."

Mwezi wa sita majani yalitokea. Yalikuwa marefu na membamba, yamelala juu ya maji kama utepe. Cyriaque aliyaona wa kwanza, akapiga yowe lililomtoa mzee mmoja kwenye baiskeli yake. Bibi Verna akatuma ujumbe: hapo ndipo inapokuwa dhaifu kuliko wakati wote, mashua zisipite, mtu asiiguse. Kundi likapanga zamu ya kulinda. Mwezi wa saba majani yakasimama. Wa nane yakatoa maua madogo.

Septemba ilipofika, Bibi Verna alikuja na mtumbwi wake. Alimchukua Cyriaque tu. Waliingia taratibu katikati ya mashina yaliyowapita vichwa. Maji yalikuwa yametulia. Kati ya mashina Cyriaque aliona hadi chini, akaona vifaranga vya samaki, mamia, vimejipanga kwenye kivuli. Bata jike alipita na watoto wake bila haraka.

Kisha upepo ukagusa mashuke. Nafaka ilikuwa imeiva. Cyriaque alijua kwa macho, akajua kwa harufu. Mikono yake ilianza kutafuta fimbo chini ya mtumbwi. Hapakuwa na fimbo.

"Hatuvuni?" aliuliza kwa Kiingereza chake kidogo.

"Mwaka wa kwanza wote ni wa maji," Bibi Verna alijibu.

Mtu aliyelala njaa utotoni hawezi kutazama nafaka ikianguka bila kuumia. Cyriaque aliumia. Akaweka mikono chini ya mapaja akaikalia. Punje zilianguka, moja moja, kisha nyingi, kila moja na mlio wake mdogo. Alizisikiliza. Polepole maumivu yakamtoka, na furaha ikakaa mahali pake, furaha ambayo hakuwa na neno lake kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Akajikuta anacheka huku macho yamelowa. Bibi Verna alisukuma mtumbwi, akamwacha alie na acheke kwa raha zake.

Ufukweni Généreuse aliwapokea. Alimkagua mumewe kuanzia kichwani.

"Hee! Baba Amandine, umeiba!"

Alinyoosha kidole kwenye sweta. Punje tatu zilikuwa zimenasa kifuani kwa nywele zao ndefu. Sabreen na Amandine waliangua kicheko.

"Ukae nazo tu," Sabreen alisema. "Tatu si kitu."

Cyriaque alizichomoa moja baada ya nyingine, akazikunja kiganjani. Kisha, na suruali yake ya Jumapili, akageuka akaingia majini. Alikwenda hadi maji yakapita goti. Akafungua mkono.

Alisubiri mpaka alipoziona zote tatu zimefika kwenye tope.